Mwaka wa Kuzaliwa wa Mabukwe

Jumatatu, 4 Novemba

Mwanangu Irakoze alikuja juzi, leo alfajiri amerudi Kasulu kazini, na ameniachia vitu vitatu: simu ya kioo kikubwa, daftari jipya, na kazi. Kazi yenyewe ni hii. Shirika lake linatengeneza ukurasa wa mtandaoni wa kuwaonyesha watu huduma za wazee: dirisha la wazee liko wapi hospitalini, nesi wa kutembelea nyumbani anapatikanaje, miwani, magongo, viti vya magurudumu, yote mahali pamoja. Anayeutengeneza ni yeye. Sisemi anasaidia kutengeneza. Ni yeye mwenyewe, na mwenzake mmoja wa kuchora picha. Nimezaa, namshukuru Mungu. Kuanzia hapa kijijini mpaka sokoni Mabamba hakuna mama mwingine ambaye mtoto wake ametengeneza kitu kinachofunguka hata kwenye simu ya mtu wa Dar es Salaam.

Anataka watu wa kawaida wautumie kwanza, halafu waandike kila siku kilichowashinda. "Mama, wewe ndiye wa kwanza," ameniambia. "Andika ukweli. Usinisifie."

Daftari lake nimeliandikia mstari mmoja: Umefunguka, mzuri. Hili ninaloandikia sasa ni langu, kaunta buku la kwaya lililobaki kurasa nyingi, na humu ndimo nitakamosema. Kwa sababu nimeufungua ule ukurasa, na kitu cha kwanza unachouliza, kabla hata ya shikamoo, ni mwaka wa kuzaliwa wa mzee.

Wa nini?

Jumanne, 5 Novemba

Mvua toka asubuhi hadi saa saba. Maharage yameota vizuri, mistari imenyooka. Niliipanda mimi.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimepanda pale kilimani kwenye mikaratusi ambako mtandao unashika. Nimeufungua ukurasa. Nimegusa palipoandikwa "Mwaka wa kuzaliwa", na papo hapo simu ikalia, ujumbe ukaingia: Karibu Burundi.

Ninajua, kila mtu wa huku mpakani anajua, minara ya ng'ambo hutunyakua. Hata nikimpigia simu padre nakaribishwa Burundi. Lakini leo nimekaribishwa dakika ileile niliyogusa mwaka. Nimeizima simu, nimeirudisha nyumbani na kuiweka ndani ya debe la unga, nikafunika.

Daftari la Irakoze: Mtandao ulisumbua kidogo.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa akina mama walinizunguka. Niliwaambia juu ya Irakoze, nikawaonyesha ile picha yake akiwa ofisini na kompyuta mbili. Wakashangaa. Mzee Leonidasi, jirani yetu, akasogea na fimbo yake akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Irakoze, hicho chombo cha binti yako kinataka miaka yetu kwa nini?"

"Ni cha kuwatibu, mzee wangu."

"Daktari huuliza unaumwa wapi. Anayeuliza mwaka ni mwingine."

Tukatazamana. Yeye anajua, na mimi najua. Nitaandika mara moja tu, nisirudie.

Mabukwe, mama yake mume wangu Pasikali, alivuka mto Malagarasi kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa mwanamke mzima. Pasikali na mimi tulizaliwa huku. Ulipofika ule mwaka wa kujaza fomu za uraia, yakaenea maneno: aliyekuja mtu mzima atarudishwa, aliyekuja mtoto atabaki. Nani alisema? Hakuna aliyejua, na kila mtu aliamini. Mimi nilikuwa na darasa la saba na mwandiko ambao mwalimu mkuu aliwahi kuubandika ukutani watoto wengine wauige. Wakaja kwangu. Nikawajazia. Mabukwe nikamwandika kazaliwa sitini na sita, kwa hiyo alivuka mto akiwa na miaka sita. Mzee Leonidasi nikamvusha akiwa na miaka minne. Wote niliowapunguzia ni kumi na mmoja. Uraia ulitoka, tukanywa pombe ya lubisi siku mbili, na waliniita mwanasheria.

Hata Irakoze sikuwahi kumwambia. Sasa mtoto huyohuyo ananiletea simu inayouliza mwaka. Nani kamtuma? Ningekuwa mimi ndiye ninayewinda watu wa kijiji hiki, ningemtuma nani kama si mtoto wao wenyewe ambaye hawatamkimbia?

Alhamisi, 14 Novemba

Irakoze amekuja na huyo mwenzake wa kuchora. Anaitwa Anaclet, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, mrefu, mpole mno. Mtu mpole mno namtazama mara mbili.

Walipita nyumba kwa nyumba wakiazima kadi za vitambulisho vya wazee, wakazijaribu kwenye ukurasa. Kwangu walifika mwisho. Niliwapikia ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, mgeni ni mgeni. Mabukwe alikaa kwenye mkeka wake mlangoni, uso ameuelekeza kwenye sauti maana macho yake siku hizi ni ukungu mtupu. Anaclet akamsogelea, akatoa karatasi na penseli, akaanza kumtazama.

"Unaandika nini?" nikamuuliza.

"Siandike, mama. Niko nadesine. Mikono yake. Ukurasa uko na maneno mingi, watu wanachoka. Picha njo itasaidia."

"Na hiyo karatasi inakwenda wapi?"

"Kasulu, kwa byuro."

"Halafu?"

"Halafu kwa simu, mama. Yako na ya watu yote."

Mikono ya mama mkwe wangu kwenye simu za watu wote. Nikamwambia Irakoze kwa Kiha, nikidhani yule hasikii, "Mwambie arudishe mikono ya bibi yako." Anaclet akacheka, akanipa karatasi. Kumbe anaelewa. Na hilo pia nimeliweka akilini.

Kabla ya kuondoka Irakoze alinisomesha ukurasa kwa sauti, nimwambie panapokwama. Tukafika kwenye "Je, mnufaika anaishi na mlezi asiye rasmi?"

"Asiye rasmi ndiye nani?"

"Mtu wa familia, Mama. Kama wewe."

"Mimi si rasmi? Mimi niliyefunga ndoa kanisani na kwaya ikaimba?"

Alicheka hadi akashika ukuta, akaufuta mstari ule palepale mbele yangu. Ndivyo alivyo, anasikia. Alipoomba kadi ya bibi yake nilisema imefungiwa sandukuni na ufunguo anao baba yake, aliyeko sokoni Mabamba.

Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

Ijumaa, 15 Novemba

Palizi. Mgongo.

Jumamosi, 23 Novemba

Mabukwe ameungua. Alitaka kunisaidia kuipua chungu cha maharage, akapeleka mkono palipo na moto badala ya kwenye ukingo. Kiganja kizima. Hakupiga kelele, alisema tu "Mawe," kama anayemwita mama yake, akakaa chini.

Irakoze nilimpigia, akasema, "Mama, sikiliza vizuri. Madaktari wa macho wanakuja Kibondo mwezi wa kwanza. Ule ukungu wa Bibi ni mtoto wa jicho, unatolewa kwa nusu saa. Kwa wazee ni bure. Ila lazima jina liingie kwenye orodha kabla ya tarehe ishirini Desemba, na kadi ionyeshe amefikisha miaka sitini. Akikosa safari hii sijui watarudi lini."

"Miaka sitini," nikasema.

"Bibi si ana sabini na kitu?"

"Mtandao unakatika," nikasema, nikakata.

Kwa kadi yake Mabukwe ana hamsini na minane.

Jumapili, 24 Novemba

Akina mama waliniuliza tena. Niliwaambia ukweli nusu. Niliwaambia mwanangu ni msomi na kazi yake ni nzuri, ila juu yake wako watu asiowajua, na mwaka wa kuzaliwa ukishaingia kwenye simu hautoki. "Afya zao waulizwe," nilisema. "Miaka, hapana." Mmoja akasema labda ni mambo ya uchaguzi wa kijiji. Mwingine akasema labda wanatafuta wa kuwapeleka makao ya wazee. Sikukubali wala sikukataa.

Jumamosi, 30 Novemba

Leo ilikuwa siku ya Irakoze ya kujaribu ukurasa na wazee, ofisi ya kijiji. Alileta benchi za shule, chai, maandazi ya watu arobaini. Walikuja watatu, na wawili walikuja kwa ajili ya chai.

Nilikaa naye mpaka saa tisa. Mvua ilikuwa inapiga bati hata hatusikilizani. Alikuwa anafunika maandazi na kuyafunua, anafunika na kuyafunua.

"Mama, kuna mtu amewaambia kitu."

"Watu wa huku wana maneno mengi."

"Nani?"

"Nitajuaje, mwanangu. Niko shambani kutwa."

Alinibusu shavuni, akaondoka na benchi zake. Nilikula maandazi sita, sikusikia ladha yoyote.

Jumanne, 3 Desemba

Irakoze alisahau begi dogo. Lilikuwa limelowa, nikalifungua ili nilianike, na daftari lake lilikuwa ndani, nalo nikalifungua ili likauke. Ukurasa mmoja umeandikwa kwa kalamu nyekundu:

Bibi. Haoni. Ameungua. MLEZI AMECHOKA. Makao? Siku ngapi?

Nimeusoma mara nne. Mlezi ni mimi. Kwa hiyo nimechoka! Miaka ishirini na sita niko naye, sasa namuogesha, namsuka, namtafunia nyama, leo msichana niliyemsomesha kwa tangawizi ya mgongoni mwangu anakaa Kasulu anaandika kwamba nimechoka, na anahesabu siku za kumpeleka Mabukwe makao ya wazee akafie kwenye chumba chenye namba.

Sasa nimeelewa. Macho ni kisingizio tu. Wanataka kadi, wakipata kadi watamwita mtu asiye na miaka ya kweli, na mtu asiye na miaka ya kweli watampeleka wanapotaka.

Nimemwambia Pasikali aliporudi kutoka Mabamba. Akasema, "Immakulata, ni mtoto wetu." Nikamwambia ndiyo maana ninaogopa.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua. Sijaongea na mtu.

Jumanne, 10 Desemba

Nimetoka bafuni kwangu kunawa tope, naandika.

Asubuhi nilikwenda kuangalia maharage kama yameanza kutoa maganda. Nilimwacha Mabukwe kwenye mkeka na uji. Niliporudi mkeka ulikuwa mtupu. Nilimkuta nyuma ya jiko kwenye mfereji, amelala ubavu, maji yanapita juu ya miguu yake. Alikuwa ametafuta choo kwa kupapasa ukuta, na ukuta ukaisha.

"Mabukwe! Tangu lini uko hapa?"

"Si muda mrefu, mwana wanje, mwanangu," akasema. Midomo ilikuwa ya bluu. "Nilisikia ndege wawili tu."

Nilimbeba. Ni mwepesi, Mungu wangu, amekuwa mwepesi kama mzigo wa kuni kavu. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba. Pasikali yuko Mabamba. Zahanati yetu nesi hayupo wiki hii. Nikakumbuka: nesi wa kutembelea nyumbani. Yumo kwenye ukurasa wa Irakoze, mimi mwenyewe nilimwona.

Nikaitoa simu kwenye debe. Nikapanda mbio kilimani kwenye mikaratusi, mvua inanyesha. Ukurasa ukafunguka. Ukaniuliza mwaka. Vidole vimelowa, nikaandika ule wa kadi, 1966, kwa mazoea ya uwongo. Ukajibu:

Samahani. Huduma hizi ni kwa wazee wa miaka sitini na zaidi. Asante kwa kututembelea.

Asante! Nikarudi nyuma, nikaandika mwaka wa kweli, 1948. Ni mara ya kwanza nimeuandika mahali popote. Ukafunguka wote kama mlango, nesi, namba yake, kliniki ya macho, kila kitu. Na chini: Fika na kitambulisho chenye mwaka huu.

Niliipiga ile namba. Nesi alipokea mara ya pili. Hakuniuliza mwaka. Aliuliza, "Anaweza kusogeza vidole? Yuko mahali pakavu? Nakuja." Alifika kwa pikipiki baada ya saa moja na nusu, akaufunga mkono na kusema haujavunjika ila umeteguka. Akamnywesha dawa. Halafu akaniambia mimi, pembeni, "Mama, miguu yake ni mizima. Anaanguka kwa sababu ya macho. Akiachwa hivi ataanguka tena, na mara ijayo itakuwa nyonga."

Nilikaa kwenye mkeka wake. Mwezi mzima huu nilikuwa nawaza nani anatufuatilia. Aliyemwangusha Mabukwe leo hakutoka Kasulu.

Alhamisi, 12 Desemba

Irakoze amefika kwa gari la kwanza. Alimpaka bibi yake mafuta, akamlisha, kisha akaja jikoni akanyoosha mkono.

"Ufunguo wa sanduku, Mama. Baba amesema unao wewe."

Pasikali! Nikautoa shingoni. Nilibaki nachambua maharage, nasikia sanduku likifunguka, karatasi zinageuzwa. Kisha:

"Mama, Baba amezaliwa mwaka gani?"

"Sabini na nne, si unajua."

"Na Bibi?"

Nikachambua maharage.

"Mama. Kwa kadi hizi Bibi alimzaa Baba akiwa na miaka minane."

"Labda tisa," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Alicheka. Kisha kicheko kikakatika. Akaja akasimama mlangoni. "Nani aliandika hii?"

Na hapo mimi, badala ya kujibu, nilimwaga yote. Nilimwuliza nani kamtuma. Nilimwuliza Anaclet anapeleka wapi karatasi zake na alijifunza Kiha kwa ajili ya nini. Nilimwuliza siku ngapi amempangia bibi yake kabla hajampeleka makao. "Na mlezi hajachoka!" nikapiga kelele. "Mlezi yuko hapa, ana nguvu, mwangalie!" Maharage yalikuwa sakafuni yote.

Irakoze alichuchumaa akaanza kuyaokota moja moja. Aliongea bila kunitazama.

"Ulifungua begi langu."

"Lilikuwa limelowa."

"Mlezi amechoka ni kichwa cha habari, Mama. Kwenye ukurasa hakuna kitu kwa ajili ya anayemtunza mzee. Nilitaka niandike: ukichoka, nani anaweza kukaa na mzee siku moja, mbili, ulale, uende sokoni, kisha arudi nyumbani kwake. Nilikuwa nakuwaza wewe."

Nikachuchumaa, tukaokota wote.

"Wiki ile tuliyopita na kadi," akaendelea, "tulijaribu wazee kumi na wanne. Wana mvi, wana fimbo, hawana meno. Tisa kati yao ukurasa uliwakataa kwamba ni vijana. Pale ofisini wanasema kijiji hiki hakina wazee wa kutosha, nesi apangiwe kwingine. Nimekaa wiki nne natafuta kosa kwenye mahesabu ya kompyuta. Tisa, Mama! Kosa gani hilo la kompyuta?"

"Bado wawili," nikasema.

Akainua kichwa.

"Bado bibi yako na Mzee Leonidasi. Jumla kumi na mmoja. Niliwaandika mimi."

Nilimweleza, kuanzia ile habari ya kurudishwa hadi lubisi. Nilidhani atalia, au atanikaripia kama wasomi wanavyokaripia. Aliniuliza kitu kimoja. "Na wale waliogoma kuja tarehe thelathini?"

"Mimi pia."

Alitoka nje, akasimama kwenye mvua ndogo muda mrefu. Aliporudi alisema, "Zimebaki siku nane." Basi. Hajaniita mama mpaka sasa.

Jumamosi, 14 Desemba

Ananiita mama tena, lakini kwa sauti ya ofisini.

Anaclet amekuja na kompyuta. Meza ya kulia imekuwa ofisi. Nilikaa mwisho wa benchi kama mshitakiwa. Irakoze akasema, "Mweleze Anaclet jinsi ukurasa ulivyokufanya siku ile Bibi ameanguka. Kila kitu."

Nikaeleza. Anaclet alisikiliza, penseli mdomoni, halafu akasema, "Ni sawa, mama. Miye baliniandikaka mara tatu, kambi tatu. Niko na miaka tatu tofauti. Ya kweli mama yangu njo alikuwa anajua, na alishakufa. Swali ile ya mwaka, hata miye inanipiga roho."

"Mbona hukusema?" Irakoze akamwuliza.

"Weye hukuuliza. Uliuliza rangi."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Kijana huyu nilimwonea. Si sana, bado nataka kujua Kiha alikitoa wapi, amesema ni kwa mke wake mtarajiwa wa Kabanga. Nitauliza watu wa Kabanga.

Swali la mwaka wameliondoa mbele. Sasa ukifungua unaona picha kubwa: jicho, mguu, mkono, kitanda, na mwanamke aliyekaa, mlezi anayepumzika. Hapo unagusa panapouma. Namba ya nesi iko juu kabisa, herufi kubwa, unapiga hata kabla ya kusoma. Kuhusu umri, Irakoze alikuwa ameandika "Utaratibu wa marekebisho ya taarifa binafsi". Nikamwambia, hilo Mzee Leonidasi akilisoma anaruka dirisha. Akanisukumia kompyuta. "Andika wewe."

Nimeandika: Kama mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya mzee si wa kweli, usimfiche. Wengi wako hivyo. Piga namba hii, utaambiwa pa kwenda kuapa mwaka wa kweli. Matibabu ya haraka hayasubiri kadi.

Irakoze aliusoma mara mbili, akauacha kama ulivyo. Maneno yangu yako mtandaoni, mtu wa Kakonko anayasoma sasa hivi. Lakini nimemwuliza: ile namba, anayepokea ni nani hasa? Amenionyesha. Ni ya kwake.

Jumapili, 15 Desemba

Baada ya misa nimesimama mbele ya walewale akina mama nikasema mimi ndiye niliyewatisha. Mmoja hajanisalimia. Wazee watatu wamekubali kwenda Kibondo kuapa pamoja na Mabukwe. Mzee Leonidasi amekataa. "Umenipa ujana kwa kalamu," amesema, "niache nao." Lakini aliniuliza gari linaondoka saa ngapi.

Jumanne, 17 Desemba

Nilivaa kitenge cha Pasaka na sweta nzito chini yake, na kwenye kikapu niliweka kanga mbili, sabuni na mswaki. Irakoze aliona. "Mama, unakwenda kulala wapi?" Nilikifunika kikapu. Nilijua ninakoweza kulala: mahabusu.

Ofisi ya kuapia ina benchi moja na feni isiyozunguka. Afisa ni mwanamume wa makamo, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Alichukua nakala za fomu za zamani, za Mabukwe na za wale watatu, akazipanga mezani mbele yake kama karata. Akashusha miwani. Akatazama ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akarudi ya kwanza.

"Mwandiko mmoja," akasema.

Irakoze alinikanyaga mguu.

"Tena mwandiko mzuri ajabu," akasema. "Tazama hizi R. Karani wangu ana diploma hawezi kuandika hivi. Nani huyu?"

Namwomba Mungu anisamehe, sikusema kwa uchaji wala kwa toba. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Ni wangu mimi."

Irakoze alifumba macho. Afisa alinitazama muda wa kutosha kumenya ndizi. "Na miaka hii, mama, pia ni yako?"

"Nayo ni yangu. Wao walinitajia ya kweli. Niliogopa watarudishwa. Kosa ni la mwenye kalamu."

Aliandika kitu ambacho sikukiona, na sijui bado ni nini. Kisha akamgeukia Mabukwe, akasimama kabisa kumwamkia. "Shikamoo, bibi. Wewe mwenyewe unasemaje? Ulizaliwa lini?"

Mabukwe aliupeleka uso kwenye sauti. "Mwaka siujui, baba. Mto naujua. Nilipovuka nilikuwa nimeolewa, nimelima kwa mume misimu mitatu. Nilikuwa na mtoto mgongoni, msichana, ameota meno manne. Anaitwa Niyonkuru. Alikufa upande huu, kabla ya mvua za pili. Mtu mwenye mtoto wa meno manne ana miaka mingapi, baba? Wewe umesoma, hesabu."

Afisa hakuhesabu. Alikuwa ameishika kalamu tu.

Mimi nilikuwa sijawahi kulisikia jina hilo. Miaka ishirini na sita. Halafu nikaelewa nilichokifanya kwenye fomu. Nilimwandika Mabukwe kavuka mto na miaka sita, na mtoto wa miaka sita hana mtoto mgongoni. Kwa mwandiko wangu mzuri nilimfuta Niyonkuru, na mama yake alikaa mezani akinisikia nikimsomea, akasema "ego", ndiyo, akaweka dole gumba.

"Mbona hukusema, Mabukwe?" nilimwuliza nje.

"Ulikuwa umeandika vizuri sana," akasema. "Na ulikuwa unatuogopea."

Afisa alitupa viapo vinne vyenye mhuri, na kwenye cha Mabukwe liliandikwa na jina la mtoto. Mlangoni aliniita, nikakishika kikapu changu kwa mikono miwili. "Waliobaki ni wangapi?"

"Saba."

"Walete. Wewe mwenyewe. Nisipokuona nitakufuata."

Sijui kama ni ruhusa au ni mtego. Nitawapeleka.

Ijumaa, 20 Desemba

Majina manne yameingia kwenye orodha ya macho saa tano asubuhi. La tano ni la Mzee Leonidasi, kiapo alikipata jana. Alinikataza kumwambia mtu umri wake.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Irakoze amenisuka. Sauti ya ofisini imeisha.

Alhamisi, 9 Januari

Gari la namba za serikali lilisimama mbele ya nyumba. Nilitokea mlango wa nyuma, nikakaa kwenye migomba robo saa. Walikuwa wanauliza njia ya shule.

Ijumaa, 10 Januari

Tumeng'oa maharage. Magunia mazuri. Nesi amepangiwa kijiji chetu, siku mbili kwa wiki. Ukurasa umefunguliwa na watu wengi sana, Irakoze ananitajia idadi, mimi namwuliza ni akina nani na wanataka nini.

Jumatatu, 20 Januari

Kibondo. Wamemtoa mtoto wa jicho la kulia. Nusu saa kweli. Kwenye dirisha la wazee msichana alikitazama kiapo, akakigeuza, akakitazama tena, nikaanza kutafuta pa kukimbilia. Akasema, "Karibu, bibi," akampisha.

Jumanne, 21 Januari

Wamefungua bandeji asubuhi. Mabukwe alipepesa jicho, akaitazama dari, akamtazama nesi, akanitazama mimi.

"Kumbe umezeeka," akasema.

Wodi nzima ilicheka. Nilimwambia ni mawingu ya jicho hayajaisha. Alikaa akitazama kila kitu, mikono yake mwenyewe, shuka, mbu ukutani. Kisha akaniomba kile kiapo. Nilikitoa kwenye mfuko wa nailoni.

"Wapi?"

Sikuhitaji kumwuliza wapi nini. Niliweka kidole. Hajui kusoma, lakini aliinamia pale kama mtu anayetafuta sindano.

"Hiyo ni ya mashine," akasema. "Andika wewe."

Nikafungua daftari hili juu ya godoro lake, nikachukua kalamu, nikaandika polepole, kwa herufi zangu kubwa za darasa la saba, Niyonkuru. Mabukwe aliufuata mkono wangu kwa jicho lake jipya mpaka herufi ya mwisho, hakupepesa, akihakikisha safari hii sipunguzi kitu.